Njia ya Apio Haikujengwa Ipigwe Picha

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na Biblia anaijua Njia ya Apio hata kama hajapata kuisikia kwa jina hilo. Katika sura ya mwisho ya Matendo ya Mitume, Paulo anapelekwa Roma akiwa mfungwa, na ndugu wa mjini wanatoka kwenda kumlaki katika mahali pawili: Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Hivyo vilikuwa vituo vya barabara. Apio ni Appius Claudius, kiongozi wa Kirumi aliyeanzisha ujenzi wake mwaka 312 kabla ya Kristo, na barabara yenyewe Waitaliano huiita Via Appia. Kwa hiyo sisi tuliipokea barabara hii tangu mwanzo ikiwa na mtu mwenye minyororo juu yake. Naomba tuishike picha hiyo, kwa maana kuna picha nyingine inayouzwa siku hizi, na ugomvi wangu uko nayo.

Picha hiyo nyingine mmeiona, kama si ya barabara hii basi ya mfano wake. Mawe meusi yaliyosuguliwa na magurudumu kwa karne nyingi hadi yakang'aa. Misonobari iliyosimama kama miavuli pande zote mbili. Kaburi la mviringo lenye ukubwa wa ngome, jua la jioni, na vijana wawili juu ya baiskeli. Tarehe 27 Julai 2024, katika mkutano uliofanyika New Delhi, UNESCO iliiingiza Njia ya Apio katika Orodha ya Urithi wa Dunia, ikawa mahali pa 60 pa Italia katika orodha hiyo. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2016, serikali ya Italia ilitenga euro milioni 20 ili kuifufua kama njia ya kutembea kwa miguu kutoka Roma hadi Brindisi, safari ya zaidi ya kilomita 500. Mwandishi Paolo Rumiz na wenzake walikuwa wameitembea yote mwaka 2015 na kuonyesha kwamba bado yaweza kufuatwa, hata pale ilipozikwa chini ya lami na mashamba.

Kazi hiyo ni njema, na sitaki mtu anisome kama adui wa watembea kwa miguu. Ninachokipinga ni neno moja ambalo waongoza watalii na wachapa vipeperushi wameligandisha kwenye barabara hii kama kupe: mandhari. Njia ya mandhari. Neno lenyewe tulilitoa kwenye Kiarabu, na asili yake ni kutazama. Mandhari ni kitu cha kutazamwa, na anayekitazama amesimama kando. Barabara ikishaitwa ya mandhari, kila kisichopendeza macho huanza kuonekana kama kosa la kusahihishwa: shamba la nyanya lenye vibarua huondolewa kwenye ramani, kiwanda huzungukwa kwa mbali, na historia ya mauaji huachiwa aya moja katika kitabu ambacho hakuna anayekifungua njiani. Mwishoni msafiri anakuwa ameitembea Njia ya Apio yote bila kukutana nayo.

Tuanze na kazi iliyoifanya barabara izaliwe. Appius Claudius hakuwajengea Warumi mahali pa kupunga upepo. Mwaka ule wa 312 Roma ilikuwa vitani na Wasamnite, watu wa milimani kusini, na ilihitaji njia ya kupeleka askari Capua haraka, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, bila kuzama kwenye mabwawa. Ndiyo maana barabara imenyooka kama uzi uliovutwa. Ndiyo maana ina upana wa mita 4 hivi, unaotosha magari mawili ya kukokotwa kupishana. Pale Terracina, ambako mlima ulikuwa unaifikia bahari na kuilazimisha barabara ipande juu, mfalme Trajan baadaye aliamuru jabali likatwe kutoka juu hadi chini ili njia ipite ufukweni, na wakataji wakachonga tarakimu ubavuni mwa jabali kila futi 10 walizoshuka, hadi 120. Tarakimu hizo zipo mpaka leo. Msafiri huzipiga picha na kustaajabia akili ya mhandisi. Sawa, astaajabu. Lakini mhandisi hakushika nyundo, na mikono iliyoshika nyundo hakuna tarakimu iliyoihesabu.

Sasa njoo kwenye hesabu ambayo kila anayeitembea sehemu ya kwanza ya njia hii angepaswa kuipiga kichwani. Mwaka 73 K.K. watumwa 70 na zaidi waliokuwa wakifunzwa kupigana hadi kufa kwa burudani ya watu walitoroka chuoni mwao Capua. Kiongozi wao mmoja aliitwa Spartacus. Kwa miaka miwili waliyashinda majeshi ya Roma, wakaongezeka hadi kuwa makumi ya maelfu. Mwaka 71 K.K. Marcus Licinius Crassus, mmoja wa matajiri wakubwa kupita wote wa Roma, aliwavunja. Waliokamatwa wakiwa hai, watu 6,000 hivi, aliwasulubisha kando ya Njia ya Apio kutoka Capua hadi Roma. Umbali huo ni kilomita 195 hivi. Gawanya mwenyewe: ni msalaba mmoja kila mita 32 au 33. Mtu mzima mwenye mwendo wa kawaida hutembea umbali huo kwa nusu dakika. Kwa hiyo anayetoka Roma kwa miguu kwenda Capua, kama angekuwa wakati ule, angepita chini ya maiti mpya kila nusu dakika, siku nane au tisa mfululizo.

Watu hao hawana kaburi. Na hapa ndipo picha ya jua la jioni inaponikera hasa. Lile kaburi la mviringo linalopamba karibu kila kipeperushi cha Njia ya Apio ni la mwanamke aliyeitwa Cecilia Metella. Maandishi yaliyochongwa juu yake yanasema alikuwa binti wa Metellus Creticus na mke wa Crassus, na wanahistoria wengi wanaona kwamba mume huyo alikuwa mwana wa Crassus yuleyule aliyepanda misalaba. Nirudie ili isipite kwa haraka. Alama inayotumiwa kuuza uzuri wa barabara hii ni kaburi la ukoo wa mtu aliyeitundika barabara nzima maiti. Cecilia mwenyewe simlaumu. Hatujui alifanya nini maishani zaidi ya kuzaliwa na kuolewa vizuri. Nawalaumu wanaomtazama mtalii machoni, wakamweleza kipenyo cha kaburi, wakamweleza nakshi za vichwa vya ng'ombe, kisha wakanyamaza juu ya mkwe.

Wapo watakaonijibu kwamba mtalii amelipa nauli yake ili apumzike, si ili asomewe hotuba ya mazishi. Hoja hii inasikika ya kiungwana, lakini haisimami hata dakika moja kwenye barabara hii. Sheria ya Kirumi ilikataza kuzika ndani ya mji, ndiyo maana makaburi yakapangwa barabarani nje ya malango. Njia ya Apio ni uwanja wa makaburi wenye urefu wa kilomita nyingi! Watu husafiri kutoka pande zote za dunia kuja kushuka kwenye mapango ya San Callisto na San Sebastiano walimozikwa Wakristo wa kwanza, na wanatoka wakitabasamu na kununua kadi za posta. Hakuna anayelalamika kwamba mifupa imemharibia likizo. Kumbe kinachoogopwa si kifo. Kinachoogopwa ni kifo cha wasio na jina.

Na Waitaliano wenyewe wanajua kukumbuka wakitaka. Hatua chache kutoka kwenye mapango hayo kuna machimbo ya Fosse Ardeatine. Tarehe 24 Machi 1944 Wajerumani waliokuwa wakiitawala Roma waliwaua humo watu 335 kwa risasi, kisha wakalipua milango ya machimbo kuficha walichofanya. Vita vilipokwisha taifa lilijenga pale kaburi la pamoja, kila mtu na jeneza lake la jiwe. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba limeharibu mandhari ya Appia. Kinyume chake, mwendo wa mgeni anayefika pale hupungua, sauti yake hushuka, na akirudi barabarani anaitazama kwa macho mengine. Kama barabara inaweza kuwabeba 335 hao kwa heshima, itashindwaje kuwabeba 6,000? Ni kwa sababu ni wa kale mno? Mbona Appius Claudius ni wa kale zaidi, na jina lake linatajwa kila siku?

Nasogea kwenye uzuri wenyewe, maana nao una historia yake na si ya asili kama misonobari inavyotaka tuamini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, matajiri wa Roma waligundua kwamba hakuna anwani nzuri kama Appia. Wakanunua mashamba, wakajenga majumba yenye mabwawa ya kuogelea, wakazungushia kuta, na mara nyingine wakachomeka vipande vya sanamu za kale kwenye malango yao kama mapambo. Makaburi ya miaka elfu mbili yakajikuta uani kwa watu. Mwaka 1953 mwandishi Antonio Cederna aliandika katika jarida la Il Mondo makala iliyowaita watu hao majambazi wa Appia, na hakunyamaza tena mpaka alipofariki mwaka 1996. Wakati huohuo serikali yenyewe iliikata barabara vipande viwili kwa barabara kuu ya mzunguko wa Roma; ilichukua hadi Jubilei ya mwaka 2000 ndipo magari yakapitishwa chini kwenye handaki na Appia ikaunganishwa tena. Mwaka 1965 mpango wa mji ulitenga hekta 2,500 kuwa bustani ya watu wote. Mwaka 1988 mkoa ukaunda hifadhi kwa sheria. Lakini kutenga kwenye karatasi si kumiliki, na sehemu kubwa ya ardhi ile imebaki mikononi mwa watu binafsi. Pale Capo di Bove, serikali ilinunua jumba moja mwaka 2002, na walipochimba bustanini wakakuta hamamu nzima ya Kirumi.

Basi utulivu ule wa kwenye picha, ule wa barabara isiyo na mtu, ni utulivu wa ukuta. Hakuna maskini aliyeweza kununua kiwanja pale ili aiharibu. Anayeusifu bila kuuliza umetoka wapi anamsifu mwenye ukuta. Cederna hakupigania mandhari. Alipigania haki ya mtu wa kawaida wa Roma kufika, kukaa chini ya mti, na kujua kwamba kilicho mbele yake ni chake. Tofauti hiyo ni kubwa, na vipeperushi vimeimeza.

Sasa tutoke Roma. Tembea kilomita 60 na kidogo utafika Soko la Apio, pale ndugu walipompokea Paulo. Leo panaitwa Borgo Faiti, kijiji kidogo katika eneo la mji wa Latina. Mshairi Horace alipita hapo mwaka 37 K.K. na akaacha shairi la safari lenye malalamiko matupu: maji mabaya yaliyomfanya asile, mbu, vyura waliomnyima usingizi. Palikuwa kwenye kinamasi cha Pontino, nchi ya malaria, na palibaki hivyo hadi miaka ya 1930 serikali ya Mussolini ilipokausha maji, ikahamishia hapo wakulima wa kaskazini na kujenga miji mipya, Latina ukiwa mmojawapo. Leo uwanda ule ni wa mboga na matunda, hekta kwa hekta za vibanda vya plastiki. Njia ya Apio inapita katikati yake ikiwa barabara ya lami, imenyooka kilomita 40 hivi, malori yakienda kasi. Kwa mtu wa mandhari, hiki ndicho kipande kibaya kuliko vyote, cha kupitiwa kwa basi au kukwepwa.

Mimi nasema ndicho kipande cha kweli kuliko vyote. Wanaoinamia mboga zile wengi wao ni Masingasinga kutoka Punjab, India, walioanza kufika eneo lile tangu miaka ya 1980. Mwezi Juni 2024 mmoja wao, kijana, alinaswa na mashine ya shambani, ikamkata mkono. Hakupelekwa hospitali. Alibebwa kwenye gari hadi mbele ya nyumba alimokuwa akiishi na kuachwa pale, mkono wake ukiwa ndani ya kreti ya matunda. Siku mbili baadaye alifariki katika hospitali moja ya Roma. Italia nzima iliona aibu, watu wakaandamana Latina. Halafu mwezi uliofuata, arobaini yake ikiwa haijatimia, wajumbe wakaketi New Delhi, katika nchi aliyotoka kijana huyo, wakaitangaza barabara inayopita kwenye mashamba yale kuwa urithi wa wanadamu wote. Simtuhumu mjumbe yeyote kwa hila. Mkutano ulipangwa mapema na ajali haipangwi. Nasema tu kwamba dunia ilipewa nafasi ya kuona barabara nzima kwa mara moja, kutoka mtumwa hadi kibarua, nayo ikachagua misonobari.

Ukiendelea kusini-mashariki utakuta jambo hilohilo limevaa nguo nyingine. Venosa ni mji wa kupendeza, na unajivunia kwamba Horace alizaliwa hapo mwaka 65 K.K. Vitabu vya wasafiri havikosi kulitaja hilo. Havitilii mkazo kwamba baba yake Horace alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, jambo ambalo mshairi mwenyewe hakulificha. Kati ya Venosa na Palazzo San Gervasio, Agosti na Septemba ni msimu wa nyanya, na wavunaji ni Waafrika, wengi kutoka Afrika Magharibi, waliolala miaka mingi katika magofu ya nyumba za shamba na vibanda vya mabati na plastiki. Malipo ya mtindo uliozoeleka katika mashamba ya kusini si ya saa bali ya kreti: euro 3 au 4 kwa kreti kubwa yenye kilo 300 hivi. Anayewaleta shambani alfajiri, akakata nauli yake na bei ya maji kwenye ujira wao, Waitaliano humwita caporale. Sisi tuna neno letu, na sihitaji kulitafuta mbali: nyapara. Mwaka 2016 Italia ilitunga sheria namba 199 inayomfunga nyapara huyo pamoja na mwajiri anayemtumia. Ni sheria nzuri. Kibarua wa Latina alikufa miaka minane baada yake. Na hapohapo Palazzo San Gervasio, mji ulio kwenye njia ya matembezi, kuna kituo kilichozungushiwa vyuma cha kuwazuilia wahamiaji wanaosubiri kufukuzwa nchini. Mtembeaji mwenye fimbo na mkoba mgongoni anapita kwa uhuru alikotaka kupita, na ng'ambo ya uzio yupo aliyetembea mbali zaidi yake.

Taranto nitaitaja kwa ufupi tu, ingawa inastahili insha yake. Barabara inaufikia mji ule ubavuni mwa kiwanda kikubwa cha chuma kilichozinduliwa mwaka 1965, ambacho vumbi lake jekundu liliupaka mtaa wa Tamburi hadi makaburi yake. Mwaka 2012 mahakama iliamuru sehemu zake zikamatwe kwa kuharibu afya ya watu, na mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaihukumu Italia kwa kushindwa kuwalinda wakazi. Hakuna namna ya kukiita kiwanda hicho mandhari. Lakini ni barabara ileile.

Mtu mwenye busara ataniambia: haya ni mambo ya polisi, ya wizara ya kazi na ya mahakama, njia ya matembezi imeyaingiliaje? Imeyaingilia kwa tumbo. Safari za namna hii haziuzwi kwa mawe peke yake, zinauzwa pamoja na meza: nyanya, jibini ya maziwa ya nyati, mvinyo, mafuta ya zeituni. Ukimwalika mgeni ale tunda la ardhi ile huwezi kumficha aliyelichuma, kisha ukadai kwamba umemwonyesha nchi. Tena njia hii inatengenezwa kwa fedha za umma, na mabango yatawekwa kwa vyovyote vile. Ubao uleule unaoeleza mawe yalichimbwa wapi una nafasi ya kueleza nyanya zinachumwa na nani. Gharama ya rangi ni ileile.

Mwingine, na huyu hataficha hasira yake, ataniuliza mtu wa Bujumbura anatafuta nini kwenye barabara ya Waitaliano. Namjibu kwamba wao wenyewe ndio walioomba iitwe ya dunia, na mimi ni mkazi wa dunia. Lakini lipo jibu lingine linalonigusa karibu zaidi. Mwaka 2006 Tanzania iliweka kwenye orodha yake ya maeneo ya kupendekezwa UNESCO njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kwihara ya Tabora hadi Ujiji, kilomita 1,200 hivi. Njia hiyo ndiyo iliyotuletea Kiswahili huku ziwani. Buyenzi isingekuwa Buyenzi bila misafara ile. Ndiyo pia iliyowapeleka watu pwani wakiwa wamefungwa shingoni. Nyapara, neno nililolitumia hapo juu, lilikuwa jina la mkuu wa wapagazi katika misafara hiyohiyo, kabla halijawa jina la msimamizi wa vibarua. Mimi ninayeandika insha hii ni mrithi wa barabara ya aina hiyo: imenipa lugha, na bei ya lugha hiyo walilipa watu ambao sina majina yao. Siku njia yetu itakapopakwa rangi kwa ajili ya wageni, kutakuwa na mtu atakayependekeza tuonyeshe minazi ya Bagamoyo, maembe ya Tabora na machweo ya Tanganyika, na minyororo tuiache ndani ya jumba la makumbusho, chumba cha nyuma. Atasema Waitaliano wamefanya hivyo na wamefaulu. Nataka awe amekosa mfano wa kuutaja.

Kwa hiyo madai yangu ni ya kawaida kabisa. Njia ya matembezi ipite Latina kwa miguu, kando ya mashamba, kwa kijia salama kilichotenganishwa na malori. Euro milioni 20 zinajua kujenga kijia. Kaburi la Cecilia Metella liwe na maelezo yanayomtaja Crassus na alichofanya mwaka 71, kwa herufi za ukubwa uleule unaotumika kueleza nakshi. Kati ya Roma na Capua pawekwe alama ya mahali waliposulubiwa, hata kama ni jiwe dogo lisilo na sanamu. Makaburi ya watumwa walioachwa huru, ambayo yapo pale pale barabarani na nyuso zao zimechongwa juu yake, kama yale ya akina Rabirius, yapewe nafasi kwenye ziara ya kawaida na si kwa wataalamu tu. Na nyumba za kufikia wageni zinazotaka kubeba jina la Njia ya Apio zionyeshe kwamba chakula chao kimetoka kwa mwajiri anayetii sheria namba 199.

Mwisho wa barabara ni Brindisi, bandarini, ambako ngazi zinapanda hadi kwenye nguzo ndefu ya marmari inayohesabiwa kuwa alama ya mwisho wa Appia. Zilikuwa mbili, moja ilianguka mwaka 1528 na vipande vyake vikapewa mji wa Lecce. Wageni huketi kwenye ngazi zile jioni kutazama maji. Tarehe 7 Machi 1991 meli kuukuu zilifika kwenye bandari hiyohiyo zikiwa zimejaa Waalbania waliokimbia njaa na utawala uliokuwa ukianguka, watu 27,000 hivi, katika mji ambao haukuwa umejiandaa kupokea hata elfu moja. Serikali ilichelewa. Watu wa Brindisi walifungua milango ya shule, makanisa na nyumba zao, wakapika, wakatoa nguo, wakawaogesha watoto wasiowajua kwa jina wala kwa lugha. Hilo nalo liandikwe chini ya nguzo, mahali ambapo anayeketi kutazama machweo atalazimika kulisoma.